Kamua Tango, Kisha Likamulie Ndimu

Jua la kaskazi halina simile. Kuanzia Disemba hadi Machi, hapa Timbwani kama kwingineko Mombasa, joto la adhuhuri hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na unyevu wa bahari nao huongeza yake. Mtu akirejea nyumbani jioni, hamu ya chakula cha moto huwa imemtoka kitambo. Anachokitamani ni kitu baridi, kikali kidogo, chenye maji ndani yake lakini kisicho maji matupu. Kwa wengi wetu wa pwani kitu hicho ni kachumbari ya tango.

Nakusudia kuizungumzia kachumbari hiyo, na hasa namna ya kuitayarisha asubuhi ili iliwe jioni ikiwa bado ni kachumbari. Najua watakuwapo watakaouliza mwalimu wa isimu ana nini na matango. Ninayo sababu, na sababu yenyewe imo katika karatasi za wanafunzi. Ila kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mnamo Machi 2024, katika mwezi wa Ramadhani, niliwaalika wenzangu kadhaa kufuturu. Siku ile nilikuwa na mihadhara ng'ambo ya kivuko, na yeyote aishiye upande wa Likoni ajua kwamba mwenye kuvuka feri alasiri hawezi kumwekea mtu ahadi ya saa. Abiria wa miguu hatozwi nauli, ila hulipa kwa muda wake. Kwa hivyo niliona ni busara kuimaliza kazi baada ya daku. Nikakata matango, nikakata vitunguu na tungule, nikatia chumvi, ndimu na pilipili, nikachanganya, nikafunika bakuli na kulisukuma ndani ya friji, kisha nikaenda zangu nikijipongeza.

Magharibi ilipoadhiniwa nikafunua bakuli mbele ya wageni. Matango yalikuwa yakielea. Vipande vilivyokuwa vikivunjika kwa mlio asubuhi vilikuwa vimelegea kama kitambaa kilicholoa, ndimu imezimuliwa hata haisikiki, na chini kulikuwa na kidimbwi chenye rangi ya tungule. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye alikuwa amepita kutuletea sahani ya kaimati, alichungulia bakuli, akanitazama, akachungulia tena.

"Mwalimu," akasema, "hii si kachumbari. Huu ni mtuzi."

Wageni walicheka, nami nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Walipoondoka nikamwendea kwake kumwuliza kosa langu li wapi. Hakunipa somo refu. "Tango na lilie kwanda," alisema, "kisha ndipo ulitie ndimu."

Neno hilo lilinikaa akilini. Tango ni maji: katika kila sehemu 100 za uzito wake, takriban 95 ni maji yaliyofungiwa ndani ya seli. Kisu kikipita na chumvi ikagusa pale palipokatwa, maji hutoka ndani ya seli kufuata chumvi. Wanafunzi wa biolojia hulifanya jaribio hili kwa kipande cha kiazi na maji ya chumvi, wakaliandikia ripoti na kuliita osmosisi. Chumvi yangu ilifanya kazi hiyo hiyo ndani ya friji, kutwa nzima, pasipo haraka. Maji ya tango yatatoka, utake usitake. Uamuzi ulio mikononi mwa mpishi ni mmoja tu: yatoke kabla, ndani ya chujio, au yatoke baadaye, ndani ya bakuli.

Sasa nizifikie zile karatasi. Resipe ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu zilizomo katika silabasi ya Kiswahili ya shule za upili chini ya mfumo wa 8-4-4. Walimu wetu huifundisha vyema kwa upande wa umbo: kichwa, idadi ya walaji, mahitaji na vipimo vyake, kisha hatua za upishi zikifuatana. Baada ya futari yangu kuzama, niliwataka wanafunzi wangu, ambao wengi wao wanasomea ualimu, waandike resipe ya kachumbari ya tango itakayotayarishwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilidhani nimewapa zoezi jepesi la kupumzikia.

Umbo lilikuwa safi. Vichwa vilipigiwa mstari, vipimo vilipangwa kwa safu. Lakini nilipofika kwenye hatua, nilikutana na kitenzi kimoja kikirudi na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kambani: weka. Weka tango katika bakuli. Weka kitunguu. Weka chumvi. Weka ndimu. Kisha changanya. Karatasi moja ilikuwa na "weka" mara tisa katika aya moja. Kwa kanuni za usahihishaji nisingeweza kumnyima mwandishi wake alama nyingi, maana sarufi ilikuwa sahihi na tahajia ilikuwa sahihi. Hata hivyo, yeyote atakayeifuata resipe ile atafuturu kwa mtuzi kama nilivyofuturu mimi.

Wako wanaodhani kwamba vitenzi vya jikoni ni pambo, kwamba "kuchanyata" ni namna ya kizee tu ya kusema "kukata". La. Ukimwambia mtu akate tango, hujamwambia kitu. Aweza kulikata vipande vitatu. Ukimwambia alichanyate, umekwisha kumpa unene, umekwisha kumpa mwelekeo wa kisu, na kwa hiyo umemwambia chumvi itaingia kwa haraka gani. Neno hili limo katika kamusi zetu za zamani na limo vinywani mwa akina mama wa Likoni, wanaolitumia kwa muhogo na ndizi. Haliwafikii wanafunzi kwa sababu njia ya kulipitishia, ambayo ni mtoto kukaa karibu na mtu anayepika, imezidi kuwa nyembamba. Sisemi hayo kwa kulaumu. Mtoto anayetoka nyumbani gizani na kurudi gizani atasikia wapi vitenzi vya jikoni?

Na hapa ndipo maneno ya jirani yangu yalipoanza kunionyesha jambo la kisarufi ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi bila kuliona likifanya kazi mkononi. Tuchukue kitenzi "kamua". Kamua tango: viganja viwili vinalibana tango, maji yanatoka ndani yake. Sasa tia kiambishi cha kutendea: likamulie tango ndimu. Silabi moja tu imeongezeka katika shina, na kila kitu kimegeuka. Kinachobanwa sasa ni ndimu, na tango limekuwa mpokeaji. Kwanza tango hutoa, kisha tango hupokea. Kachumbari nzima ya kuandaliwa mapema imo katika jozi hii ya vitenzi, na kwa mfuatano huo huo. Mimi nilikuwa nimeifanya hatua ya pili pekee. Nililikamulia tango ndimu kabla sijalikamua, na matokeo yake mliyaona, au wageni wangu waliyaona.

Basi niieleze kazi yenyewe kama nilivyojifunza, kwa walaji sita.

Chukua kilo moja ya matango, ambayo ni kama manne au matano ya kadiri. Chagua machanga, yaliyo magumu yakibonyezwa, yasiyoanza kupiga umanjano. Tango lililokomaa lina mbegu ngumu na tumbo la majimaji. Likate ncha ya upande wa kikonyo na kuionja, kwa kuwa uchungu wa tango aghalabu hujikusanya huko na chini ya ngozi. Ikiwa ncha ni chungu, endelea kukata mpaka ufikie palipo tamu, na likiwa chungu lote, litupe, lisiwaharibie wenzake. Yaoshe kwa maji safi. Wengi wetu upande huu hununua maji ya mikokoteni, na maji ya mtungi usioujua ulikotoka hayafai kuoshea kitu kitakacholiwa kibichi mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu kilichozuka nchini mnamo Oktoba 2022 kilitukumbusha jambo hilo kwa gharama kubwa.

Ngozi ikiwa ngumu, limenye. Ikiwa laini, liparue mistari mistari, kijani kibaki kwa uzuri wake. Lipasue kwa urefu, ukombe mbegu kwa kijiko. Usizitupe kwa uchoyo nusu nusu: komba zote, kwani hapo ndipo penye maji mengi yasiyo na ladha. Kisha lichanyate, unene wa kama sarafu mbili zikipangwa pamoja. Jembamba zaidi ya hapo litasinyaa mno.

Sasa linyunyizie chumvi, vijiko viwili vya chai kwa kilo hiyo, ulipepete kwa mikono ili kila kipande kipate fungu lake, uliache katika chujio lichujike kwa muda wa saa moja. Zingatieni, wanafunzi, kwamba sikusema ulichuje. Kuchuja ni kazi yako. Kuchujika ni kazi ya tango. Kwa saa ile moja mpishi hana la kufanya ila kuoga, kusahihisha madaftari au kuswali. Ukirudi utakuta chini ya chujio maji yanayokaribia nusu bilauri, wakati mwingine zaidi. Hayo ndiyo kulia kwenyewe.

Fuata kwa kusuuza. Hatua hii ndiyo iliyokosekana katika karatasi zote, hata zile mbili tatu zilizokumbuka kukamua, nami nataka kuikalia kidogo.

Jirani yangu ana maradhi ya presha. Muuguzi amemwonya juu ya chumvi mara kadhaa, na nyumbani kwake chumvi imekuwa jambo la mabishano baina yake na wanawe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na kila kitu kingine. Vijiko vyetu viwili, vikibaki vyote ndani ya bakuli la watu sita, kila mlaji atakuwa amekula takriban thuluthi ya kiwango cha siku nzima kwa kachumbari peke yake, kabla hajagusa samaki wala sambusa. Lakini chumvi ile haikutiwa ili iliwe. Ilitiwa ifanye kazi, na ikishamaliza kazi yake hupewa ruhusa iondoke. Sehemu yake huondoka na maji yaliyochujika. Nyingine huondoka kwa kusuuza mara mbili katika maji safi. "Suuza" si "osha". Kuosha ni kuondoa uchafu. Kusuuza ni kuondoa kile ulichokitia wewe mwenyewe, kama sabuni katika nguo. Mwanafunzi akiliacha neno hilo katika mtihani hupoteza alama moja pengine. Mama mwenye presha akiifuata resipe ile hupoteza zaidi.

Baada ya kusuuza, kamua. Chukua tonge baada ya tonge katikati ya viganja, ubane mpaka maji yaishe kudondoka. Usisokote kama unayefua, tango litasagika. Jirani yangu zamani alitumia kifumbu cha kukamulia tui, na asema hakuna kilichowahi kukishinda.

Vitunguu viwili vyekundu navyo vichanyatwe vyembamba, vifikichwe kwa chumvi kidogo na kusuuzwa, ukali upungue. Hapo ndipo unapokutanisha vitu katika bakuli la kioo au la plastiki, si katika sufuria ya alumini, maana tindikali ya ndimu huila alumini ikaacha ladha ya chuma. Likamulie tango ndimu tatu, ongeza siki vijiko viwili vya mezani, sukari kijiko kimoja cha chai, pilipili mbichi moja iliyochanyatwa. Chumvi usitie tena mpaka uonje, na ukishaonja huenda usiihitaji. Funika, tia katika friji. Kachumbari hii itakaa vyema kutwa na hata siku ya pili, na kusema kweli saa sita za kwanza huifaa, kwa kuwa tango lililokamuliwa lina kiu na hunywa ndimu badala ya kuizimua.

Tungule zisiingie asubuhi. Zikatwe jioni, dakika tano kabla ya kuliwa, na dania vilevile, kwa sababu majani yake hupoteza rangi katika ndimu. (Natumia "tungule" kwa makusudi. Kwetu Mombasa nyanya ni mama wa mama yako, na si adabu kumkatia kachumbari.)

Asiye na friji asijaribu kuacha tango lililokatwa juu ya meza tangu asubuhi. Kwa joto la kaskazi, saa moja au mbili ndio mwisho wake. Ayaweke matango mazima mahali penye kivuli, aandae ndimu na siki mapema katika chupa, na aanze kuchanyata baada ya alasiri. Matango mazima, kwa hakika, hayapendi baridi kali: yakikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 huanza kulegea na kufanya madoa ya utelezi. Ni tango lililokwisha kukatwa ndilo linalohitaji friji.

Nirudi kidogo kwenye maneno, ugonjwa wangu wa siku zote. "Kachumbari" tuliipokea kutoka lugha za Bara Hindi, ambako jina hilo hadi leo ni la saladi ya vitu vilivyokatwakatwa. Lakini "tango" ni la nyumbani. Lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, yakitaja mimea ya jamii ya maboga na matango. Wazulu, walio mbali nasi kusini, huliita boga "ithanga". Nalo neno "munyu", ambalo Wadigo na wazee wa Kimvita hulitumia kwa chumvi, ni la ukoo huo huo wa Kibantu. Yaani bakuli limo safarini lakini vilivyomo vingi ni vya hapa. Nimewahi kusikia ikidaiwa katika mikutano kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za kueleza michakato ya kisayansi. Mwenye kudai hivyo simjibu kwa hotuba. Namwomba aniambie, kwa lugha yoyote aipendayo, tofauti kati ya kuchuja, kuchujika, kukamua na kukamulia, kisha tulinganishe idadi ya maneno tuliyotumia.

Niliwarudishia wanafunzi karatasi zao na kuwapa zoezi lile lile kwa mara ya pili, kwa sharti moja: kila mmoja apike kwanza, chumbani kwake au kwao, na aandike mkono unafanya nini. Walilalamika kuhusu bei ya ndimu. Lakini safari hii "weka" ilipungua, na kijana mmoja aliandika kwamba tango lake "lilinywea", neno ambalo sikuwa nimelitumia darasani wala sikumfundisha mimi. Nilipomwuliza amelipata wapi, alisema ni mama yake aliyelisema akiwa amesimama nyuma yake, akimcheka.

Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, imekuwa ikiingia ndani zaidi ya kaskazi, na itaendelea hivyo. Mwaka 2030 itafika mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Jua halitatuonea huruma miaka hii. Ramadhani iliyofuata ile ya aibu yangu nilitayarisha kachumbari baada ya daku, nikavuka feri, nikarudi nimechelewa kama kawaida, nikakata tungule na dania adhana ikikaribia, na kumpelekea jirani yangu bakuli.

Bakuli hapa kwetu halirudi tupu. Lilirudi baada ya tarawehe, mikononi mwa mjukuu wake, likiwa na kaimati sita na salamu. "Nyanya asema tango halina mai," mtoto alisema, akijitahidi asisahau, "lakini munyu umepelea."

Nilimwambia amwambie nyanya yake kwamba munyu siongezi.